Hoteli ya Mumbai ilimkataa ndugu yangu akiwa na uthibitisho mkononi. Mimi nitampeleka mama vipi?

1. Mwana wa Kibokoni

Assalamu alaikum. Mwezi wa saba, Mungu akijaalia, nampeleka mama kutoka hapa Mombasa hadi Mumbai, India, kubadilishwa kiungo cha nyonga katika hospitali moja ya upande wa Parel, na tumeambiwa tujitayarishe kukaa huko wiki 5 kwa sababu baada ya upasuaji kuna mazoezi ya kutembea. Mama ana umri wa miaka 71. Mimi safari yangu ya mbali kabisa nje ya nchi ni Tanga.

Hospitali nimeichunguza na madaktari nimewasiliana nao, kwa hiyo upande huo nimetulia. Linaloninyima usingizi ni malazi. Agosti mwaka jana ndugu yangu alikwenda Mumbai kununua vitambaa, akiwa amehifadhi chumba mtandaoni karibu na Barabara ya Mohammed Ali na kuthibitishiwa kwa baruapepe. Alifika saa tisa usiku. Mtu wa mapokezi aliichukua pasipoti yake, akaitazama, akaifunga, akamrudishia na kumwambia kwamba hakuna chumba. Hakumpa sababu, wala hakumwelekeza pengine, na ndugu yangu alikaa juu ya begi lake nje ya msikiti mpaka adhana ya alfajiri.

Nauliza mambo mawili. Kwa nini walimkataa? Na mtu asiyeujua mji ule achague vipi hoteli ambayo haizidi rupia 2,500 kwa usiku, na ambayo mama mwenye mkongojo atapata raha ndani yake?

2. Mtu wa Marikiti

Wa alaikum salaam. Swali la kwanza jibu lake ni fupi: Fomu C. Sheria ya India inamtaka kila anayelaza wageni, kuanzia hoteli kubwa ya kitalii hadi gesti ya vyumba vinne, apeleke taarifa za kila mgeni wa kigeni kwa ofisi ya usajili wa wageni katika muda wa saa 24 tangu mgeni huyo afike, na siku hizi taarifa hizo hupelekwa kwa mtandao. Asiyejisajili katika mfumo huo hawezi kuzipeleka, na wenye nyumba ndogo wengi hawajajisajili, ama kwa uvivu, ama kwa kutopenda polisi wapekue daftari lao, kwa hiyo huwapokea wenyeji peke yao. Tovuti inayouza chumba haina habari na hayo. Inakuuzia ukiwa umekaa Kibokoni, na habari unaipata ukiwa umesimama mbele ya meza ya mapokezi.

Sisi tumelelewa kwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule ni mgeni njoo, mwenyeji ajaze fomu.

Kabla ya kulipa hata senti, iandikie hoteli yenyewe, si wakala, uulize mambo mawili kwa maneno yaliyo wazi: je, mnapokea pasipoti ya Kenya, na je, mnajaza Fomu C? Jibu likichelewa siku tatu, hilo nalo ni jibu.

3. Binti Tudor

Namheshimu Mtu wa Marikiti, ila maelezo yake hayatoshi. Mimi nililala katika hoteli moja ya mtaa huohuo kwa pasipoti hiihii ya Kenya, nikajaziwa hiyo Fomu C mbele ya macho yangu, na mwaka uliofuata dada yangu alipokwenda hapohapo akaambiwa hakuna nafasi. Usajili wao ulikuwa umekwenda wapi? Nilipomuuliza mtu wa mapokezi kwa WhatsApp, kwa kuwa nilikuwa na nambari yake, alikiri kwamba wakala wa mtandaoni aliuza vyumba 14 na wao wanavyo 11. Anayefika jioni hupata. Anayefika usiku wa manane hukuta kitanda chake kina mtu.

Kwa hiyo mimi nasema ndugu yako alikutwa na ugonjwa wa kuuza vyumba kupita idadi, na pasipoti ilitazamwa kwa sababu tu kila mgeni hutazamwa pasipoti.

4. Msafiri wa Likoni

Tusizunguke mbuyu. Nilifika hoteli moja ya Mumbai nikiwa na rafiki yangu, Mkenya mwenzangu wa asili ya Kihindi, sote tukiwa na pasipoti za Kenya na kila mmoja amehifadhi chumba chake. Yeye alitangulia, akapewa ufunguo. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma nikilipa teksi, na nilipofika mezani nikaambiwa hoteli imejaa. Rafiki yangu aliporudi kutoka kwenye lifti na kuuliza kuna nini, chumba kikapatikana. Fomu ilikuwa moja, idadi ya vyumba ilikuwa moja, na kilichotofautiana kilikuwa rangi ya aliyesimama pale.

Sisemi kwamba kila hoteli iko hivyo, kwa maana nimelala kwingine nikapokewa kama mtoto wa nyumbani. Nasema sababu hiyo ipo, na haifai kuifunika kwa fomu.

5. Mtu wa Marikiti

Ndugu wa Likoni, sikatai yaliyokufika, na nasikitika. Ninalosema ni kwamba ukiuliza kuhusu Fomu C mapema na ukajibiwa kwa maandishi, unakuwa na karatasi ya kumwonyesha meneja, iwe sababu yake ni uvivu au ni chuki.

6. Nahodha Mstaafu

Wanangu, salaam. Nimekwenda mji huo mara nyingi tangu ungali unaitwa Bombay, na nashangaa kwamba hakuna aliyetaja majira. Mvua za huko huanza Juni na kwisha Septemba, na miezi hiyo Waarabu wa Ghuba huja na familia zao, wengine kwa matibabu na wengine kwa kuitazama mvua tu, kwani kwao joto la wakati huo halivumiliki. Huchukua vyumba kwa wiki na kulipa bila kubishana. Huyo kijana alifika Agosti, na aliyehifadhi chumba kwa bei ya chini bila kukilipia ndiye wa kwanza kusukumwa kando. Mwana wa Kibokoni, nawe unakwenda Julai, kwa hiyo lipa usiku wa kwanza mapema.

Mahali ni hapohapo Barabara ya Mohammed Ali. Chakula ni cha halali, misikiti iko karibu, na mama atasikia lugha ya salamu anayoijua. Mkitoka uwanja wa ndege chukueni tuktuk mwende nayo moja kwa moja, ni rahisi kuliko teksi.

7. Mwalimu wa Ganjoni

Shikamoo Nahodha. Kuhusu majira sina neno, lakini hiyo tuktuk ilivuka wapi? Tuktuk za Mumbai haziruhusiwi kuingia sehemu ya kusini ya mji. Upande wa magharibi zinakomea Bandra, na upande wa pili Sion. Ni kama vile tuktuk zetu za Kisauni zingesimamishwa daraja la Nyali na abiria wote waambiwe washuke. Kwa barabara, kutoka uwanja wa ndege hadi Mohammed Ali ni teksi, si tuktuk, na kaunta ya teksi za kulipia kabla iko pale ndani.

Jambo hili lina uzito katika kuchagua hoteli. Ukikaa Andheri, karibu na uwanja wa ndege, hoteli ni nyingi na tuktuk ziko mlangoni, lakini hospitali ya Parel iko zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo, na kwa foleni za mvua mwendo huo unaweza kula asubuhi nzima. Kwa mgonjwa wa nyonga, kilomita ni maumivu.

8. Nahodha Mstaafu

Umenishika, mwalimu. Tuktuk nilizipanda huko huko Andheri. Mji mkubwa huchanganya. Teksi ninazozikumbuka ni zile Fiat nyeusi na manjano, dirisha unalipandisha kwa mkono na dereva anakusimulia maisha yake.

9. Mwalimu wa Ganjoni

Gari za aina hiyo ziliondolewa barabarani Oktoba 2023, Nahodha. Rangi imebaki, gari ni nyingine. Masimulizi ya dereva sina shaka kwamba yamebaki pia.

10. Mama Kisauni

Mwanangu wa Kibokoni, pole kwa mama. Nilimuuguza mume wangu Mumbai miezi miwili na nusu katika hospitali ya saratani iliyoko hukohuko Parel, kwa hiyo ninayosema nimeyaona.

Usianze na tovuti, anza na hospitali. Hospitali nyingi zinazopokea wagonjwa wa nje zina dawati lao maalumu, na dawati hilo huwa na orodha ya gesti na nyumba za kupanga zilizo jirani, ambazo zimeshazoea wageni, zinajua karatasi zote, na hazishtuki mtu akiingia na kiti cha magurudumu. Tulipata chumba chenye jiko dogo. Msilidharau jambo la jiko. Mgonjwa akirudi kutoka upasuaji hataki biriani. Anataka uji, na uji hauagizwi hotelini kule. Nilibeba unga wa wimbi kutoka Kongowea, na siku alipokunywa kikombe kizima nililia.

Mengine ni haya. Bafu liwe na sakafu isiyoteleza na choo cha kukaa, kwa kuwa nyumba nyingi za bei yako zina choo cha kuchutama, na mtu wa nyonga hakiwezi. Usiogope ukikuta ndoo na kata badala ya bomba la mvua. Hiyo ni raha yetu sote. Uliza kama umeme ukikatika kuna jenereta inayoendesha lifti, maana taa peke yake haimpandishi mtu ghorofani. Beba nakala za karatasi za pasipoti na viza, nakala nyingi, wala usitegemee picha ya simu. Sisi tulikwenda kwa viza ya mgonjwa, ambayo inaruhusu wasindikizaji hadi 2, na kila tulipohama walitaka nakala za viza zote.

11. Binti Tudor

Khalati yangu Mama Kisauni, ushauri wa jiko naupokea kwa mikono miwili, ila hiyo orodha ya dawati mimi siiamini kabisa. Shemeji yangu alipewa orodha ya namna hiyo katika mji mwingine wa India, akatozwa bei ambayo jirani wa chumba cha pili, aliyekuja kwa miguu yake na kubishana mlangoni, hakuitozwa. Tofauti ilikuwa karibu theluthi. Kuna mtu anakula hapo katikati.

12. Mama Kisauni

Huenda anakula, binti yangu. Nasi tulilala.

13. Fundi wa Majengo

Naongeza moja ambalo limenigharimu, na huenda ndilo lililompata ndugu yako. Ndege nyingi hufika Mumbai usiku mkubwa, na wao wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Ukitua saa nane usiku wa kuamkia tarehe 12, chumba unachokihitaji ni cha tarehe 11, kwa sababu kwa hesabu ya hoteli usiku huo ni wa jana. Ukihifadhi kuanzia tarehe 12, chumba chako kitakuwa tayari saa sita mchana, na wewe umesimama na mabegi saa tisa usiku. Ukihifadhi tarehe 11 bila kuwaarifu kwamba utachelewa, watadhani hukuja, wakakiuza. Mtego uko pande zote mbili.

Tena kuna hoteli, hasa zile za zamani, ambazo huhesabu saa 24 tangu ulipoingia. Ukiingia saa tisa usiku, unatolewa saa tisa usiku. Hizo ni nzuri kwa anayefika mchana, na ni balaa kwa anayefika usiku. Mwana wa Kibokoni, hebu itazame risiti ya ndugu yako: iliandikwa tarehe ngapi?

14. Mwana wa Kibokoni

Ahsanteni nyote. Nimempigia sasa hivi. Risiti inaonyesha tarehe 12, na alifika usiku wa kuamkia 12. Kwa hiyo Fundi amepiga penyewe kuhusu tarehe, lakini ndugu yangu anasisitiza kwamba yule mtu hakuitazama risiti hata kidogo. Alitazama pasipoti, akasema hakuna chumba. Hakusema rudi saa sita mchana. Na ndugu yangu aliporudi kwenda kuuliza saa saba mchana, aliambiwa vilevile.

15. Mtu wa Marikiti

Fomu C.

16. Msafiri wa Likoni

Au uso wake.

17. Binti Tudor

Au mtu mwingine alikuwa bado amelala humo. Saa saba mchana si ushahidi wa lolote.

18. Kijana wa Makadara

Mimi nauliza kwa nini mnahangaika wakati kuna Taj Mahal Palace, ile hoteli waliyoijenga Waingereza mbele ya bahari. Mama apelekwe huko apumzike kama malkia.

19. Mwalimu wa Ganjoni

Haikujengwa na Waingereza, kijana. Aliyeijenga ni Jamsetji Tata, Mhindi wa jamii ya Waparsi, na ilifunguliwa mwaka 1903. Rupia 2,500 huko labda zitamtosha mama chai.

20. Nyota ya Bondeni

Mimi safari yangu ya kwanza niliandika neno «hotel» kwenye ramani ya simu, nikafuata mshale mpaka mlangoni, nikakaribishwa vizuri na kuwekewa sahani ya wali. Huko neno hilo lina maana mbili kama kwetu tu, penye kulala na penye kula. Nilikula, kisha nikaendelea kutafuta pa kulala.

21. Fundi wa Majengo

Turudi kwenye bei, kwa maana bei unayoiona siyo unayolipa. Juu yake kuna kodi ya asilimia 12.

22. Mwalimu wa Ganjoni

Ilikuwa 12. Tangu Septemba 2025, chumba cha hadi rupia 7,500 kwa usiku hutozwa asilimia 5, na kinachozidi hapo hutozwa 18. Kwa hiyo chumba cha 2,500 kitakuwa 2,625, na atakayekutoza 12 mwonyeshe tarehe. Kwa shilingi, piga moja na nusu kwa kila rupia na utakuwa karibu na ukweli.

Kuna jipya jingine linalobadilisha hesabu ya wapi pa kukaa. Reli ya chini ya ardhi inayopitia uwanja wa ndege hadi Cuffe Parade, kusini kabisa, ilikamilika Oktoba 2025. Vituo vyake viko chini sana, lakini vina lifti. Zile treni za kawaida, ambazo watu huning'inia milangoni, usimpandishe mama saa za kazi, ijapokuwa kuna mabehewa ya wanawake na sehemu iliyotengwa kwa walemavu na wagonjwa wa saratani.

23. Nahodha Mstaafu

Basi akae Mohammed Ali. Naona kila njia inamrudisha kwangu.

24. Mama Kisauni

Nahodha, haimrudishi popote. Umewahi kulala chumba cha ghorofa ya pili upande wa barabara hiyo? Juu yake limepita daraja refu la magari, na lori likipita unaliona dirishani liko sawa na mto wako. Nililala hapo usiku mmoja na nilihesabu honi badala ya kondoo. Kama ni lazima akae mtaa huo, aombe chumba cha nyuma, kisha aulize tena kama kina dirisha, kwa sababu vyumba vya nyuma vingi havina. Na ukisoma maoni ya wageni mtandaoni, mwanangu, yapite yale ya sifa na yale ya matusi, uyatafute ya mtu aliyelala wiki nzima. Wa usiku mmoja hajui kunguni.

25. Msafiri wa Likoni

Na picha uziangalie za wageni, si za hoteli. Picha ya hoteli hupigwa na mtu aliyejibanza kwenye kona, chumba cha futi nane kikaonekana ukumbi wa harusi.

26. Kijana wa Makadara

Kuna hoteli ya bure ambayo hamkuitaja. Akisahau cheti cha homa ya manjano, serikali ya India itamlaza karantini hadi siku 6.

27. Mwana wa Kibokoni

Kijana wa Makadara, umetania lakini umenikumbusha. Cheti cha mama hatujakichukua, na nimeambiwa huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano.

Wapendwa, nimefanya mlivyosema. Niliziandikia hoteli 6. Mbili hazikujibu. Moja imesema haipokei wageni wa nje, bila kuzunguka, na nimeishukuru kwa hilo kuliko nilivyotarajia. Ya Andheri imekubali, bei ni rupia 2,100. Ya tano iko Mohammed Ali, rupia 2,300, chumba cha nyuma, na dirisha linalotazama ukuta. Ya sita imetoka kwenye orodha ya dawati la hospitali, na ni mwendo wa dakika chache tu kutoka mlango wa wagonjwa: ina jiko, ina choo cha kukaa, wanajaza Fomu C, wamekubali kuandika usiku wa tarehe ya jana, lakini bei ni 3,200. Binti Tudor atasema kuna mtu anakula hapo.

28. Binti Tudor

Nasema. Waambie utakaa usiku 35 na uwape 2,600. Wakikataa, wape 2,700, kisha unyamaze.

29. Mama Kisauni

Chukua hiyo. Umeuliza kuhusu lifti?

30. Mwana wa Kibokoni

Wamekubali 2,800 baada ya siku mbili za kunyamaza. Lifti ipo. Wameandika kwamba inafanya kazi vizuri, isipokuwa huzimwa saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

31. Mama Kisauni

Mmepewa ghorofa ya ngapi?

32. Mwana wa Kibokoni

Ya nne.

33. Mama Kisauni

Na ndege inatua saa ngapi?